Kutafuta koleti mbadala za chaki ya mashine ya milingi: tusaidiane kuitambua chaki kabla ya kuagiza

#1 Nondo_na_Shafti

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa kutambua chaki (kishikio cha zana) ya mashine ya milingi ya wima, ile ya kuendesha kwa mkono, ili niagize koleti sahihi, yaani kile kibomba chenye mipasuo kinachobana mkia wa zana. Maandishi kwenye mwili wake yamelika. Yanasomeka "...OLOCK" na "MADE IN ENGLAND" tu.

Nilichoweza kupima kwa vernia:

Tepa (sehemu iliyochongoka) inayoingia kwenye spindeli ina kipenyo cha mm 44.4 upande mnene, na inapungua haraka sana kuelekea nyuma. Mwisho kuna tundu lenye hesi (mifereji ya skrubu) la kupokea drobaa, ile boliti ndefu inayoivuta chaki ndani ya spindeli.

Koleti zilizobaki ni mbili. Moja imeandikwa 10, nyingine 1/2. Mwili wake umenyooka, haujachongoka, isipokuwa mdomoni. Nyuma kuna bapa mbili zinazotazamana, na ndani kabisa kwa nyuma kuna hesi.

Endimili (visu vya milingi) zilizopo: sanduku la zile za zamani zenye hesi mkiani (mikia ya mm 10, 12 na 16), na mpya za kabaidi zenye mkia laini wa mm 8 na 12.

Nilinunua koleti ya mm 16 ya aina ya ER32, haikai kabisa. Muuzaji alisema koleti ya 16 ni ya 16, haijalishi mashine. Je, hii ni chaki gani, koleti zake zinapatikana, au nibadilishe chaki nzima? Kazi kubwa ni kukata njia za funguo kwenye shafti na kuweka bapa.

#2 FundiKerezo

Hesi ya ndani ya koleti imeshajibu swali lako. Hiyo ni Clarkson Autolock, chaki ya Kiingereza, na karakana nyingi zilizorithi mashine za Uingereza bado zinayo. Haina undugu wowote na ER32, kwa hiyo koleti uliyonunua irudishe kama bado wanakubali.

Ukielewa inavyofanya kazi utajua pia kwa nini huwezi kuweka koleti nyingine yoyote. Mkia wa endimili una hesi 20 kwa inchi, umbo la Whitworth, hata kwenye mikia ya milimita. Unaiskurubu endimili ndani ya koleti mpaka tundu la senta lililo nyuma ya mkia likae kwenye ncha ya senta iliyo ndani ya chaki. Zile bapa mbili za koleti zinaizuia isizunguke ndani ya mwili. Kazi ikiwa nzito na endimili ikitaka kuzunguka, hesi inaipeleka ndani zaidi. Senta inaikatalia, na nguvu hiyo inaisukuma koleti mbele kwenye mdomo wenye tepa wa nati kubwa, hivyo inabana zaidi. Ndiyo maana endimili haitoki hata ukikata kwa kina kikubwa.

Kutokana na hilo kuna mambo matatu ya kukumbuka. Endimili iliyokatwa mkia haifai humo. Endimili ambayo tundu lake la senta limejaa uchafu au limebondeka itayumba hata koleti ikiwa mpya. Na usizungushe spindeli kinyume wakati inakata, kwa sababu hesi itaanza kufunguka.

#3 Bi_Maikromita

Naongezea kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na chaki tofauti. Kosa kubwa ni kuagiza kwa kutaja kipenyo cha tundu peke yake. Muuzaji anahitaji kujua aina ya koleti kwanza, tundu baadaye. Ukipita Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) usiulize "koleti ya 16", uliza "ER32, tundu 16" au "Autolock ndogo, mkia wa 16".

Ukiwa na koleti moja ya zamani mkononi, chora mistari miwili kwenye tepa yake, mm 10 kutoka mmoja hadi mwingine, kisha pima kipenyo kwenye kila mstari. Tofauti ndiyo inayokuambia ukoo wake:

- Ikipungua karibu mm 2.8, ni ER. Tepa yake ni digrii 8 kila upande.
- Ikipungua mm 1 kamili, ni OZ ya DIN 6388 (DIN ni viwango vya Kijerumani), tepa ya 1:10. Hizi ni ndefu na nene kuliko ER, na hubana nusu milimita tu chini ya namba yake.
- Ikipungua karibu mm 2.95 na sehemu ya nyuma imenyooka yenye kipenyo cha mm 24.1, ni R8.
- Ikipungua karibu mm 3.5, ina hesi kwa nje nyuma na mwili wa mm 31.75, ni 5C. Hiyo kwa kawaida ni ya kerezo au kifaa cha kugawanyia, si ya chaki ya milingi.

Tofauti kati ya 2.8 na 2.95 ni ndogo kwa vernia, kwa hiyo ER na R8 usizitenganishe kwa tepa peke yake. R8 ina urefu wa inchi 4 hivi, hesi ya drobaa kwa ndani nyuma, na mfereji wa ufunguo ubavuni. ER haina hesi popote.

Kwa wenye ER ambao koleti zimepotea zote, pimeni nati. Hesi ya nati inataja saizi bila ubishi: M22×1.5 ni ER16, M25×1.5 ni ER20, M32×1.5 ni ER25, M40×1.5 ni ER32, M50×1.5 ni ER40. Angalizo: zipo nati ndogo za shingo nyembamba ambazo hesi yake ni tofauti, kwa mfano ER16 ya M19×1 na ER20 ya M24×1. Koleti ni ileile, nati haziingiliani.

Namba ya ER si kipenyo halisi cha nje, watu hupotea hapo pia. ER32 ina mm 33 upande mnene na urefu wa mm 40. ER25 ina mm 26, ER40 ina mm 41.

#4 Mitambo_Thika

Swali kwa mwenye uzi: chaki yako ni ndogo au kubwa? Autolock ya kawaida ilitoka kwa saizi mbili. Ndogo inachukua mikia ya mm 6, 10, 12 na 16, pamoja na inchi 1/4, 3/8, 1/2 na 5/8. Kubwa ndiyo ya mikia minene, mm 20 na 25, au inchi 3/4 na 1. Koleti za moja haziingii kwenye nyingine, kwa hiyo muuzaji wa ng'ambo ukimwandikia "Clarkson 16 mm" bila kusema saizi ya chaki unaweza kuletewa kitu kingine.

Pia kuna chaki ya Osborn Titanic. Kwa macho inafanana sana na Clarkson na inatumia endimili zilezile zenye hesi, lakini usidhani koleti zake zitakaa kwenye Clarkson. Ukinunua zilizotumika, dai picha ya nyuma ya koleti ikionyesha bapa, na vipimo vitatu: urefu wote, kipenyo cha mwili, na upana kati ya bapa hadi bapa. Linganisha na ile ya mm 10 uliyonayo. Kama muuzaji hataki kupima, achana naye.

#5 Nondo_na_Shafti

Asanteni sana. Koleti ya 1/2 na ya 10 zote zinaingia kwenye chaki moja, kwa hiyo ni ndogo. Hesi ya ndani nimeihesabu kwa geji ya hesi, ni 20 kwa inchi.

Swali la pili. Endimili ya kabaidi yenye mkia laini wa mm 12, je, siwezi kuibana kwenye koleti ya Autolock ya 12 kwa kukaza nati kwa nguvu?

#6 FundiKerezo

Hapana fundi, usifanye hivyo. Mkia laini hauna kinachougandamiza kwenye senta, na koleti ile haikuundwa kubana kwa msuguano peke yake. Mpindo wa makali ya endimili huivuta chini kidogo kidogo. Kwenye njia ya ufunguo utaanza na kina cha mm 4 na kumaliza na 4.6, huku ukidhani meza imeshuka. Kwa shafti ya mm 22 hadi 30, ambapo ufunguo ni wa 8×7 na kina cha shafti ni mm 4.0, hiyo 0.6 ni kazi iliyoharibika. Kwa kabaidi ni hatari zaidi, kwa sababu ikishuka ghafla inavunjika na vipande vinaruka.

Kwa mkia laini tumia ER au OZ. Kwa mkia wenye bapa ubavuni, yaani Weldon, tumia kishikio cha skrubu ya ubavu.

#7 Jembe_la_Kazi

Kwa maoni yangu Autolock iwekwe kando kabisa. Nunua kishikio cha ER32 chenye tepa ya 40 na seti ya koleti 18, mm 3 hadi 20. Umemaliza. Utabana endimili, drili, hata ripa (zana ya kusawazisha tundu), na koleti za ER32 zinapatikana kila mahali kwa sababu ni kiwango cha dunia: DIN 6499, na sasa ISO 15488. Rego-Fix wa Uswisi waliibuni mwaka 1972 na leo kila kiwanda kinaitengeneza. Koleti moja ya ER inashuka milimita nzima chini ya namba yake, kwa hiyo hata mikia ya inchi inaingia: 1/2 ni mm 12.7, inakaa kwenye koleti ya 13. 3/8 ni 9.525, kwenye ya 10. 1/4 ni 6.35, kwenye ya 7. 5/8 ni 15.875, kwenye ya 16. 3/4 ni 19.05, kwenye ya 20.

#8 FundiKerezo

Sikubaliani na "iwekwe kando kabisa". Mwenye sanduku zima la endimili zenye hesi ana mali. Angalia hesabu: endimili hizo zilitengenezwa mikia ikiwa michache makusudi. Ya mm 8 ina mkia wa 10, ya mm 4 ina mkia wa 6, na kadhalika. Koleti nne tu (6, 10, 12, 16) zinahudumia sanduku lote. Na kwa kuondoa chuma kingi kwa endimili ya kukwangua ya mm 16, ER32 ndiyo inayoanza kuteleza, si Autolock.

Koleti ya Autolock haina uvumilivu wa ER, hilo ni kweli. Haishuki milimita. Mkia wa 1/2 hauingii kwenye ya 12, na mkia wa 5/8 kwenye ya 16 utaonekana kama unaingia, lakini utakaa umelegea na hesi itabeba mzigo wote.

#9 Bi_Maikromita

Wote mna haki, kazi ndiyo inayoamua. Endimili ndogo chini ya mm 8, kabaidi, na kumalizia uso: ER, kwa sababu unaweza kuchagua koleti ya daraja zuri. Kukwangua kwa endimili za chuma cha kasi (HSS) zenye hesi: Autolock.

Na endimili yenye hesi ikiwekwa kwenye ER? Inawezekana kwa masharti. Sehemu ya hesi ni nyembamba kidogo kuliko mkia, mm 9.9 kwa mkia wa 10. Hesi ikiwa ndani ya koleti, nusu ya nyuma ya koleti inabana vilele vya hesi na nusu ya mbele inabana mkia, basi koleti inakaa upande. Hesi lazima ipite nyuma ya koleti, au uikate kwa jiwe la kukatia. Ukiikata, ujue hairudi Autolock tena.

#10 Mitambo_Thika

Nyongeza kuhusu ER kwa sababu makosa ya kuifunga ndiyo yanayoua koleti mpya wiki ya kwanza.

Koleti inaingia kwenye NATI kwanza, haiingii kwenye chaki kwanza. Ndani ya nati kuna pete isiyo na katikati sawa. Inamisha koleti, sukuma mpaka isikike ikibofya kwenye mfereji wake, ndipo usimamishe wima. Halafu skurubu nati kwa mkono mizunguko miwili mitatu, ingiza endimili, kisha kaza kwa spana. Ukiweka koleti kwenye chaki halafu ukafunga nati juu yake, pete inakandamiza uso wa koleti badala ya kushika mfereji. Itabana vibaya, itayumba, na siku ya kufungua koleti itabaki imenasa ndani ya chaki kwa sababu hakuna kinachoivuta.

Usikaze nati bila kitu ndani. Usilazimishe mkia mnene kuliko namba ya koleti, hata kwa 0.1. Mkia uingie angalau theluthi mbili ya urefu wa tundu. Endimili fupi iliyoshikwa kwa mm 10 tu inaipanua koleti nyuma na kuifinya mbele, nayo haitarudi umbo lake.

Kukaza: ER32 inahitaji takriban Nm 136, ER25 kama 104, ER40 kama 176. Kwa spana ya sentimita 30, 136 ni sawa na kuvuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi. Wengi wanakaza nusu ya hapo kisha wanalaumu koleti. Wengine wanapiga spana kwa nyundo, na hiyo inapasua pete ya nati. Paka tone la mafuta kwenye hesi ya nati. Ndani ya tundu na kwenye mkia pawe pakavu na safi.

#11 kijana_wa_veta

Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuingilia, sisi tuna mashine ya Kichina aina ya X6325. Drobaa yake ni nyembamba. Hii inatumia koleti zipi?

#12 Bi_Maikromita

Marahaba. X6325 nyingi zina spindeli ya R8, muundo wa Bridgeport wa Marekani. Kwenye R8 koleti inaingia moja kwa moja ndani ya spindeli, hakuna chaki katikati. Drobaa yake ni 7/16 yenye hesi 20 kwa inchi. Lakini zipo mashine na koleti zilizotengenezwa kwa drobaa ya M12, kwa hiyo toa drobaa yenu mpime kabla ya kununua. 7/16 ni mm 11.1, na M12 inakaribia 12, vernia inatosha kutofautisha. Mashine hizo pia huuzwa na spindeli ya 30 au 40, usikisie kwa jina la mashine.

Ndani ya spindeli ya R8 kuna pini ndogo inayoingia kwenye mfereji wa koleti. Kama koleti haipandi, zungusha mpaka mfereji ukutane na pini. Msiipige. Pini ikikatika, koleti bado inabana kwa tepa, ila itazunguka pamoja na drobaa wakati wa kukaza.

R8 hubana kidogo sana. Mkia wa mm 12 unataka koleti ya mm 12, si ya 1/2. Kwa karakana ya mafunzo ni nafuu kuwa na kishikio kimoja cha ER32 chenye mkia wa R8.

#13 Jembe_la_Kazi

Turudi kwa mwenye uzi. Ukiagiza kishikio cha ER32, tepa yako ya mm 44.45 ni namba 40, yaani mteremko wa 7/24. Lakini neno "40" halitoshi. Agiza DIN 2080, au NT40 kama wauzaji wengi wanavyoiita. Hizo ndizo za mashine za mkono. BT40 na SK40 ya DIN 69871 ni za mashine za kompyuta (CNC). Tepa ni ileile, lakini kola yake ina mfereji wa mkono wa kubadilishia na nyuma inategemea kishikizo cha kuvutia, si drobaa ndefu.

Wenye namba 30 wawe makini na Morse 4. Vipenyo vinakaribiana, 31.75 na 31.27, ila Morse inapungua taratibu na inanasa yenyewe, wakati 30 inapungua ghafla.

#14 FundiKerezo

Na drobaa! Mashine za Kiingereza za zamani zenye 40 mara nyingi zina drobaa ya 5/8 UNC, hesi 11 kwa inchi. Kishikio kipya kutoka China au Ulaya huja na M16, pichi ya mm 2. Vinaonekana sawa: 15.9 na 16. Boliti moja itaingia kwenye nati ya nyingine hesi moja au mbili, kisha inakwama. Mtu akiongeza spana anaharibu kishikio kipya na drobaa kwa pamoja.

Namna ya kujua: weka rula kwenye hesi ya drobaa, hesabu vilele ndani ya mm 25.4. Vikiwa 11 ni UNC. Vikikaribia 13 ni M16. Kama ni UNC na kishikio ni M16, kereza drobaa mpya, hiyo ni kazi ndogo. Tumia chuma kigumu cha shafti, si nondo. Urefu wa hesi inayoingia kwenye kishikio uwe angalau mara moja na nusu ya kipenyo, kama mm 24.

#15 Nondo_na_Shafti

Nimehesabu. Vilele 11. Afadhali nimeuliza.

Je, kuna anayeweza kukereza koleti za Autolock hapa nyumbani badala ya kuagiza? Tuna kerezo zuri.

#16 Bi_Maikromita

Kukereza umbo si shida. Tabu iko katika mambo mengine matatu. La kwanza, tundu, tepa ya mdomo na hesi ya ndani vyote viwe kwenye mhimili mmoja, yaani vikatwe bila kuifungua kazi kwenye chaki ya kerezo. La pili, hesi ya Whitworth 20 kwa inchi ndani ya tundu la mm 16, nyuma kabisa, inataka kisu kirefu chembamba kinachotetemeka. La tatu, chuma. Koleti lazima irudi kama springi baada ya kubanwa. Chuma laini kitabana mara ya kwanza na kubaki kimefinyika. Koleti nyingi za ER za China hutengenezwa kwa 65Mn, ambacho ni chuma cha springi, na hukomazwa kwa moto kisha husagwa kwa jiwe baada ya hapo, kwa sababu moto unapinda umbo.

Bila mashine ya kusaga mviringo ndani na nje, utapata koleti inayoyumba mm 0.05 au zaidi. Itafaa kwa drili. Kwa endimili haifai. Angalia hesabu ya endimili ya makali mawili: ukilisha mm 0.05 kwa kila jino na endimili inayumba 0.04 kwenye geji, jino moja linakata 0.09 na la pili 0.01. Jino moja linafanya kazi ya mawili, linaisha mapema, na njia ya ufunguo inatoka pana kuliko endimili.

Kwa koleti nne, nunua.

#17 Mitambo_Thika

Kabla hujalipia chochote, hakikisha ubovu hauko kwenye chaki yenyewe au spindeli. Koleti mpya kwenye chaki iliyochakaa ni pesa iliyopotea. Fanya hivi kwa mpangilio huu:

Toa kila kitu, safisha tepa ya ndani ya spindeli kwa kitambaa na mafuta ya taa, kausha. Weka geji ya saa ikigusa ndani ya tepa, zungusha spindeli kwa mkono. Ikizidi mm 0.01, shughulikia spindeli na beringi kwanza.

Funga chaki, gusa kwa geji tepa ya ndani inayopokea koleti, au sehemu iliyonyooka kwa Autolock. Tena usizidi 0.01 hadi 0.015.

Weka koleti na pini iliyosagwa ya mm 10 (mkia wa ripa nzuri unatosha kwa ER, kwa Autolock tumia endimili nzima yenye hesi na upime kwenye mkia wake). Pima karibu na nati, kisha mm 40 chini. Ikiyumba sawa kote, koleti imekaa pembeni. Ikiongezeka kadiri unavyoshuka, koleti imeinama, na mara nyingi ni chenga ya chuma imejificha kwenye mpasuo au kwenye tepa.

Dalili za koleti iliyokwisha: mdomo umepanuka kama tarumbeta, kuna unga mwekundu wa kutu kwenye mkia baada ya kazi, au mipasuo haina upana sawa. Ikiwa na dalili hizo itupe. Haichongwi upya.

#18 FundiKerezo

Na kwa Autolock, namna ya kufunga, kwa sababu maelekezo yake ya karatasi yamepotea pamoja na masanduku yake. Ingiza koleti na nati, zungusha koleti mpaka bapa zikae kwenye nafasi yake ndani ya mwili. Skurubu nati kwa mkono mpaka ikaribie kugusa bega la chaki. Ingiza endimili, izungushe kwa mkono ukiwa umeishika kwa kitambaa, mpaka uhisi imefika kwenye senta na haisogei. Ndipo ukaze nati kwa spana mpaka ikae begani. Ikibaki nafasi isiyofungika kati ya nati na bega, koleti haijakaa kwenye bapa zake, au si ya chaki hiyo. Usilazimishe.

Angalia pia ncha ya senta ndani ya chaki. Mara nyingi imebondeka au imelegea, na lawama zote huangukia koleti.

#19 Nondo_na_Shafti

Nimefanya vipimo vya #17. Spindeli 0.01, chaki 0.015. Ncha ya senta ilikuwa na uchafu mgumu, nimeisafisha, nayo ni nzima. Koleti ya 10 inayumba 0.02 kwenye mm 40. Ile ya 1/2 mdomo umepanuka, siihesabu tena.

Orodha ya kuagiza naiweka hivi, nirekebisheni:
- Koleti za Clarkson Autolock, chaki ndogo, mikia ya mm 12 na 16, moja moja. (Hatuna endimili za mkia wa 6.)
- Kishikio cha ER32, DIN 2080, namba 40, hesi ya drobaa 5/8 UNC ikiwezekana, la sivyo M16 na tukereze drobaa.
- Koleti za ER32: 8, 12, 13, na 16 tunayo tayari, sikuirudisha.
- Spana ya nati ya ER32.

#20 Jembe_la_Kazi

Orodha nzuri. Ongeza ER32 ya mm 6 na 10, mikia hiyo ndiyo inayouzwa zaidi kwa kabaidi. Ya 13 iache mpaka upate endimili ya mkia wa 1/2. Kwa za 6, 8 na 12 lipia daraja lililotajwa mikroni 10 au chini yake, kwa sababu ndizo utakazotumia kumalizia kazi. Za drili zinaweza kuwa za kawaida.

Spana iendane na nati. Nati ya ER32 yenye mifereji ya kulabu ina kipenyo cha nje cha mm 50, ila zipo za pembe sita. Uliza kabla.

Kwenye hati za forodha mzigo uandikwe kama vishikio vya zana za mashine, kundi la 8466.10, na si "vipuri vya chuma" tu. Maelezo ya jumla ndiyo yanayochelewesha mzigo.

#21 Nondo_na_Shafti

Nimeongeza 6 na 10, nimetoa 13. Muuzaji wa Autolock ametuma vipimo vya bapa hadi bapa na kipenyo cha mwili, vyote vinalingana na ile ya 10 tuliyonayo. Urefu unatofautiana kwa mm 0.3. Kuna tatizo?

#22 Mitambo_Thika

0.3 kwenye urefu hakuna tatizo, mradi bapa na mwili ni sawa. Agiza. Zikifika, kabla ya kukata chochote, osha mafuta ya kiwandani kwa petroli na brashi ndani ya mipasuo, kausha, kisha upime kila moja kwa geji na uandike namba kwenye kisanduku chake. Ukipima tena baada ya miezi sita utajua ipi imeanza kuchoka.